Viatu vya Riziki Vionekane

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake. Mmoja ameniuliza kwenye foleni ya kugonga kadi kazini, mwingine mlangoni pa kanisa, mwingine amepiga simu nikiwa na mikono yenye unga. Nimechoka kusimulia vipande. Kila niliyempa kipande amekwenda kukishona na cha mwenzake, na sasa nasikia mimi nilikwenda Buffalo kumzika mdogo wangu. Kaeni basi niwaeleze safari yote, kituo kwa kituo, na atakayeongeza chumvi baada ya hapa ijulikane ameitoa jikoni kwake.

Highview, Louisville, kabla ya kutoka

Wanaonijua wanajua kwamba kabla ya ghala na maboksi nilikuwa mpiga picha. Kule kambini Kigoma nilikuwa na kibanda cha turubai, pazia la bluu lenye maua, na kamera moja niliyoilinda kuliko chakula. Mama yetu alikaa mlangoni, na kazi yake ilikuwa viatu. Kwetu picha ya kumtumia ndugu ni kichwa mpaka viatu. Ukimpiga mtu nusu atakurudishia picha yako na kukuuliza, "Na viatu yangu iko wapi?" Lakini watu wengi kule walikuwa na kandambili tu, basi Mama alikuwa na sanduku la viatu vya kuazima, vya kike na vya kiume, na mwenye mguu mdogo alimwekea kitambaa mbele ili kiatu kisimlegee. Picha zikaenda Bujumbura, Lubumbashi na Australia, watu mbalimbali wamevaa viatu vilevile, na waliojua ni sisi tu wa kibandani.

Sasa mdogo wangu Riziki, anayeishi Buffalo na binti yake Deborah, mwaka mzima alikuwa anatutumia uso. Uso na mabega, basi. Tulijua kwamba majira ya baridi yaliyopita alipata ajali kwenye barafu, akalazwa, akatoka. Baada ya hapo akahama mtaa wenye Wakongo, akaacha kanisa, na simu ya video akawa hapokei. Kwangu alisema mtandao ni mbaya. Mtandao gani huo unaopitisha kidevu tu?

Maneno yakaanza. Wengine walisema ana mimba, wengine ameolewa na Mzungu, wengine ameokoka kwa namna mpya. Mama, aliyebaki kule kambini, alisema amekufa. Alisema tunamtumia picha za zamani na kwamba sauti ya kwenye simu ni ya Deborah anayemwigiza mama yake. Msimcheke. Kambini tuliona familia zikimficha mzee msiba kwa namna hiyohiyo, tena mchungaji akiwasaidia. Na mtu aliyetunza viatu vya picha miaka yote ile huwezi kumtuliza kwa mabega. Akanitumia ujumbe wa sauti.

"Mapendo, mimi niko mama yenu, siko mtoto. Bon. Nataka picha ya Riziki, kichwa mpaka viatu, na weye mwenyewe upige. Mwaka Mpya ikifika sijaiona, naweka matanga."

Kumwekea matanga mtu aliye hai si neno la mchezo kwetu. Vichwa vinanyolewa, watu wanalala nje, mtoto anaagwa, na hata akitokea kesho yake huwezi tena kumpokea kama aliyekuwa safarini. Jirani wa kambini akaniambia Mama ameshahamia chini kwenye mkeka, na sahani akiwekewa anaisogeza. Nikaenda kwa bosi kuomba siku. Akasema huu ni msimu wa Krismasi, hakuna ruhusa. Nikamwambia sikuja kuomba, nimekuja kuaga.

Louisville mpaka Cincinnati

Basi lilichelewa kutoka, na mimi nilikuwa nimepakata mfuko wa chakula. Ndani kulikuwa na sombe, kisamvu chetu, niliyoitwanga na kuigandisha, unga wa muhogo, na ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Sombe ina adabu zake. Ndagala hawana. Hatujaumaliza mji, mwanamke wa kiti cha mbele akaanza kugeuka na kunusa, akamwita dereva, na dereva akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mwenye kitu kilichooza atashuka nacho kituo kinachofuata.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza changu cha ghalani kwamba hakuna kilichooza, hiki ni chakula, kimekaushwa na jua, na kama ni harufu, mimi nimevumilia marashi ya huyu mama tangu tulipokaa. Watu wa nyuma wakacheka. Dereva hakucheka, lakini basi hakulisimamisha. Ndagala wangu wakaendelea na safari kama abiria wengine.

Cincinnati tulitakiwa kubadilisha basi, na basi lenyewe halikuwepo. Dirishani walituambia liko njiani, na lilikaa njiani mchana kutwa. Nikakalia sanduku langu, kilemba kimelegea, nikasinzia. Kilichoniamsha ni mlio wa kamera. Mpiga picha anausikia mlio ule hata akiwa kwenye ndoto.

Alikuwa bwana mmoja mwenye ndevu za mvi na kamera nzuri kuliko yangu. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Nionyeshe."

Akanionyesha, anatabasamu. Alisema anatengeneza picha za watu wa vituoni, na hii ni halisi kabisa. Siwezi kusema uongo, alijua kazi. Mwanga wa dirisha aliukamata vizuri. Lakini niliyemwona pale ni mwanamke aliyefungua mdomo nusu, mabega yameanguka, mfuko wa plastiki pembeni, na picha imeishia kifuani.

"Viatu vyangu viko wapi?" nikamuuliza.

Yule bwana alidhani nimeibiwa. Akainama kutafuta chini ya viti, akamwinua na mzee wa watu aliyekuwa amelala. Ikabidi nimwonyeshe miguu yangu kwamba viatu ninavyo, kwenye picha yake ndiko havimo. Kisha nikamwambia anisubiri. Nikaenda chooni, nikafunga kilemba upya, nikapaka rangi ya mdomo, nikarudi, nikasimama penye mwanga, mkono kiunoni.

"Sasa piga."

Akasita. Akasema kwamba hapo si kweli tena, kweli ilikuwa ile ambayo sikujua natazamwa. Nikamjibu hivi, na nilikuwa nimekasirika hasa: "Ukinipiga nimelala umepata uchovu wangu. Uchovu kila mtu anao, hata wewe. Nikisimama nikaamua nionekane vipi, hapo ndipo unaniona mimi." Akapiga. Kichwa mpaka viatu. Nami nikatoa kamera yangu nikampiga yeye, na nilipomlenga alinyoosha shati bila kuambiwa.

Nimewaza sana juu ya bwana yule. Mimi pia napiga picha za barabarani. Mmeniona asubuhi kwenye kituo cha basi cha Highview, nawapiga akina mama wa shifti ya kwanza. Lakini mimi nauliza kwanza, na kila ninayemuuliza ananiomba dakika moja avue kizibao cha kazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukubali kupigwa nacho. Ukiwapiga bila kuuliza utapata vizibao vingi vya rangi ya machungwa na utasema umeona maisha ya wahamiaji. Umeona nguo za kampuni.

Columbus, kwa Zuhura

Zuhura ni Mtanzania, mtu wa Tanga, anasomea uuguzi. Tulijuana Louisville kabla hajahamia Hilliard, upande wa Columbus. Alinipokea kituoni na shikamoo na koti la ziada, akanipeleka kwake akanipa wali wa nazi na maharage. Alisema ndagala wangu watalala nje barazani, kwa heshima zote.

"Dada Mapendo," akaniambia tukiwa tunakula, "nyinyi Wakongo mkipigwa picha utadhani mnakwenda kuposa."

"Na nyinyi wa Tanga?"

"Sisi tunajua tumeshapendeza."

Basi la Buffalo nililotakiwa kulipanda lilikuwa limeondoka zamani, nikalazimika kubaki mpaka Jumatatu. Jumapili, Zuhura na ushungi wake akanisindikiza kwenye kanisa la Wakongo ili nipate picha watu wakitoka. Kanisa lile limepanga kwenye safu ya maduka, mlango kwa mlango na duka la donati, na uwanja wa magari ni wa wote. Ibada ikaisha. Mnajua kinachofuata. Gari zuri kuliko yote uwanjani lilikuwa pikapu nyekundu, imeoshwa, inang'aa kwenye baridi ile. Mama mmoja mwenye gauni la kitenge cha manjano akaliona, mumewe akaliona, watoto wakalikimbilia. Wakajipanga. Baba akaegemeza kiwiko, mama akatanguliza mguu mmoja, mimi nikapiga goti.

Mwenye gari akatoka na donati mkononi. Alikuwa mtu mkubwa, na uso ukawa na rangi ya gari lake. Akauliza tunafanya nini na mali yake, akasema anapiga simu polisi. Kusikia polisi, familia ikatawanyika pamoja na wote waliokuwa wakingoja zamu. Kina mama walikimbia na viatu virefu kwenye lami yenye barafu, na hakuna aliyeanguka. Zuhura akanivuta mkono. Sikwenda. Nilikuwa nimewaza kwamba nimekimbia sana maishani mwangu, na mara zote waliokuwa nyuma yangu walikuwa na bunduki. Huyu alikuwa na donati.

Nikamwambia, "Hatujaiba. Tumeegemea."

Akataka nifute picha mbele ya macho yake. Nikamgeuzia kioo cha kamera, akaona watu waliopendeza na gari lake limependeza pamoja nao. Akatazama muda kidogo, nikadhani atalainika. Hakulainika. "Futa," akasema. Nikafuta. Akaingia ndani ya gari lake akaondoka, wala hakuniuliza kama nilipiga moja tu. Nilikuwa nimepiga tatu, na mojawapo sasa iko ukutani kwao Uvira.

Njiani Zuhura akasema, "Lakini dada, gari si lao. Huo si uongo?"

"Kule nyumbani kila mtu anajua gari si lake. Unadhani mama yake atalitazama gari? Atatazama kama mwanawe amenenepa, kama gauni limepigwa pasi, kama amesimama mwenyewe. Gari ni pazia tu."

Alifikiri, akasema basi wakati mwingine wachague pazia lisilo na mwenyewe.

Buffalo, dukani kwa Naw Paw

Kutoka Columbus kwenda juu theluji iliongezeka kila mji, na mahali fulani baada ya Cleveland tulisimama tu barabarani nyuma ya malori, tunatazamana. Nilifika Buffalo mchana wa siku iliyofuata. Riziki hakupokea simu. Anwani niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, ya mtaa wa magharibi, nikaenda hivyohivyo na mfuko wangu. Chini ya nyumba ile kuna duka la mwanamke Mkaren, mtu wa Burma, anaitwa Naw Paw. Nilikuwa nimelisikia jina lake kwa Riziki siku za mwanzo, enzi akisimulia mambo yake.

Nilipoingia alinusa, nikajiandaa kwa vita. Badala yake akauliza kwa Kiingereza kibovu kama changu, "Samaki wakavu?" Nikafungua mfuko. Akachukua mmoja, akamtafuna palepale, mzima na kichwa chake, akaenda kuniletea bakuli la tambi kwenye mchuzi wa samaki, moto kabisa, na pilipili pembeni. Nilikula mpaka machozi yakanitoka, na sijui yote yalikuwa ya pilipili.

Ukutani juu ya mizani palikuwa na picha yake ya ujana. Kichwa mpaka viatu. Amevaa koti la kike la heshima, nyuma yake chemchemi ya maji na maghorofa marefu sana. Nikamuuliza ni wapi. Akasema Kuala Lumpur, Malaysia. Aliishi huko miaka kadhaa bila karatasi, anaosha vyombo hotelini, huku mama yake amebaki kambini mpakani mwa Thailand. Polisi walikuwa wakikamata watu wa aina yake barabarani kila siku. Na bado siku ya mapumziko aliazima koti la mwenzake, akaenda katikati ya mji, mahali polisi ni wengi kuliko njiwa, akamwita mpiga picha wa pale uwanjani.

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini kila siku nilijificha jikoni. Mama yangu angepata picha ya jiko? Kama wangenikamata siku ile, wangenikamata nimevaa vizuri."

Nilitamani yule bwana wa Cincinnati angekuwepo amsikie. Nikamwomba Naw Paw nimpige picha, akavua aproni, akabadilisha malapa akavaa viatu, akasimama mbele ya magunia ya mchele. Nilipomuuliza juu ya Riziki, alikunja mikono kifuani. Alijua anapokaa. Huwa anampelekea mboga mwenyewe. Aliniandikia njia ya kwenda Kenmore, kitongoji cha Buffalo, kisha akasema neno moja ambalo sikulielewa mpaka nilipofika.

"Akifungua mlango," alisema, "mtazame usoni kwanza."

Kenmore

Aliyefungua mlango ni Deborah. Nikamwita, nikamkumbatia, nikamsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, kama wa kwetu wote. Riziki alikuwa amekaa kwenye kochi, blanketi kiunoni. Nikamtazama usoni kwanza. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele amesuka vizuri, ni yeye yule. Nikashukuru Mungu kwa sauti kwamba yu hai. Akaniacha nimalize kushukuru, ndipo akatoa blanketi.

Mguu wa kulia ulikuwa umeishia chini ya goti. Ule wa bandia ulikuwa umesimama pembeni ya kochi, umevaa soksi na kiatu.

"Gari liliteleza, likapanda kituoni tukingoja basi," akasema, kisha akaniita yaya, dada mkubwa, kama zamani. "Bon, yaya, ndiyo hiyo. Sasa umeona."

Nililia. Nasema wazi nililia, tena vibaya, na ni yeye aliyenibembeleza. Kisha nikaingia jikoni kwa hasira na kusonga bugali, nikachemsha sombe, nikawakaanga ndagala mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Tukala. Deborah akaombwa aende chumbani kwake, na hapo nikamuuliza Riziki mbona alitunyima habari.

Akasema mwanzoni hakuficha. Alipotoka hospitali alirudi kanisani kwa magongo. Jumapili ya kwanza wakamwita mbele wamwombee, akaenda. Ya pili vilevile. Kila mhubiri mgeni aliyepita Buffalo aliletwa kwake, mikono ikawekwa pale mguu ulipoishia, watu wakafumba macho wakingoja uote. "Jina yangu ilipotea," akasema. "Nikawa ule mguu. Nikajisemea, Mama na yeye akijua, hata yeye nitakuwa mguu kwake. Donc nikatuma uso, na watu wa kanisa nikawaapisha wasiseme."

"Mficha uchi hazai, Riziki. Mama anakaribia kukuwekea matanga."

"Najua. Alinitumia sauti. Sikuwa na kitu ya kumjibu."

Mimi ndiye niliyetoa wazo, na nilitoa kwa kujiamini kabisa. Nilikuwa na kitenge kirefu sandukuni. Akikivaa mpaka chini, na mguu wake wa bandia umevaa kiatu, viatu viwili vitachungulia na hakuna mtu wa dunia hii atakayejua. Mama atapata kichwa, atapata viatu, atainuka kwenye mkeka. Riziki akanitazama, akasema sawa.

Asubuhi, Deborah akiwa shuleni, tukavuta kochi, tukafunua pazia la dirisha. Alikuwa na viatu vyekundu ambavyo hajavivaa tangu ajali. Nikampanga. Nikapiga. Picha ilitoka safi, nawaambia, kama mtu wa gazetini. Akaomba kuiona. Akaitazama kwa muda mrefu, akanirudishia kamera.

"Huyu ni mtu wa sanduku ya Mama," akasema. "Wale walikuja na kandambili wakaondoka na viatu ya kuazima. Mimi hii mguu siko naazima. Niko natembea nayo."

"Mama ni mgonjwa, Riziki. Mpe hii kwanza."

"Mwaka mzima nimejificha mwenyewe. Leo umetoka Louisville na basi, kuja kunisaidia kujificha? Vaa koti. Twende nje."

Kituoni

Nilimfuata. Sikuwa na la kufanya zaidi, mdogo wangu akishatangulia huwezi kumpita hata sasa. Hatua zake zilikuwa za polepole kwenye theluji, nami nilikuwa naogopa kuliko yeye. Alikwenda mpaka kituo cha basi, kilekile cha ajali, alipokuwa akingoja basi akitoka kazini hukuhuku Kenmore. Nguzo walishaibadilisha, ni mpya. Akasimama mbele yake, akafungua koti, akakipandisha kitenge mpaka magotini akakifunga hapo kwa fundo, kama mtu anayetaka kufua. Chuma cha mguu kikaonekana chote, na chini yake kile kiatu chekundu.

Akaweka mkono kiunoni. Mguu aliotanguliza mbele ni ule wa chuma.

"Yaya, piga yote."

Nikapiga goti kwenye theluji. Gari moja likapunguza mwendo, bwana mmoja akashusha kioo akauliza kama mama yule anahitaji msaada. Riziki hakugeuza hata shingo. Akamjibu kwa Kiingereza kwamba anachohitaji ni yeye asogee, ametuzibia mwanga. Akasogea. Nikapiga, na machozi yalikuwa yameganda kwenye kope kiasi kwamba sehemu nyingine nilipiga kwa kukisia.

Tukaituma pale pale kituoni kabla hatujabadilisha mawazo. Riziki ndiye aliyebonyeza. Hakuweka neno lolote chini yake.

Kurudi

Mama hakujibu siku ile. Alama ilionyesha ameiona, lakini hakujibu. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Kesho yake vilevile. Nilianza kujilaumu moyoni, na kwa Riziki nikajifanya sina wasiwasi, naye kwangu hivyohivyo, tukawa tunapikiana chai kila saa. Nilifikiri nimemuua Mama kwa picha. Nilifikiri ameshanyoa.

Siku ya kuondoka Riziki alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi, amevaa sketi fupi na viatu vyekundu, watu wakitazama wanatazamwa. Basi likachelewa. Nilikuwa nimeshaacha kuhesabu ni mara ya ngapi. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tunagawana maandazi ya mwisho simu yangu ilipolia: ujumbe wa sauti. Nikaufungua, tukaweka simu katikati yetu.

Kwanza zilisikika kelele za watu wengi, na sauti ya jirani ikiomba na yeye aone. Mama alikuwa ameizungusha picha ile kambi nzima siku mbili, mlango kwa mlango, akiwaonyesha wale aliowaambia kwamba mwanawe amekufa. Kisha sauti yake ikaja karibu, ile ya mlangoni pa kibanda, ya mtu aliye kazini.

"Mapendo, umepiga vizuri. Nimemuona. Mwambie Riziki kile kiatu ya kuume inamlegea. Aweke kitambaa mbele."

Basi, aliishia hapo. Tukaurudia ujumbe mara nyingine, kutafuta kama kuna neno tulilolipita. Hapakuwa na lingine. Riziki alicheka, kisha akalia, kisha akafanya vyote pamoja, na mwanamke aliyekaa benchi la pili akahama.

Alipotulia akanyoosha mkono nimpe leso yangu. Akainama palepale kituoni, akavua kiatu cha kulia kwenye mguu wa bandia, akaikunja leso, akaisukuma mpaka mbele kabisa. Akavaa. Akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, huku akikisikiliza.

"Ni kweli," akasema. "Ilikuwa inalegea."